Mizimu wa Saa za Kazi

Palikuwa na nchi. Jina lake nimelisahau kwa makusudi, na wewe unayelijua kaa nalo kimya, maana mimi nina watoto. Nchi hiyo ilikuwa na sikukuu moja ya kutisha, na kabla hujaniuliza nani aliyetishwa, ngoja kwanza nikueleze ilivyoanza.

Watu wa kule walikuwa na masika yao, kiangazi chao, vuli yao ya manyunyu na kipupwe chao cha kujifunika shuka. Miti ilikaa na majani mwaka mzima, wala hakuna aliyeona haya. Basi Mlezi wa Taifa akaumwa jino. Akapelekwa ng'ambo, kwa sababu meno ya wakubwa hayang'olewi nyumbani, na alipokuwa amelala huko akachungulia dirishani. Akaona miti imekuwa ya rangi ya kutu, majani yanapukutika, na watoto wa watu wanapita mlango kwa mlango wamevaa sura za kutisha, wanapewa peremende. Akauliza kulikoni. Akaambiwa hiyo ni sikukuu ya mizimu, mheshimiwa, huja kila mwaka majani yakianguka. Mlezi alirudi nyumbani na jino jipya na donge moyoni: wenzetu wana majani yanayoanguka, sisi yetu yameng'ang'ania tu kama wapangaji wasiotaka kuhama.

Mwezi haukuisha, ikaundwa Wizara ya Misimu na Vitisho. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Profesa Lugongo, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya kuazima, ambaye kabla ya hapo alisimamia uvuvi hadi samaki wakahama. Askari wakapewa fito, wakaichapa miarobaini na mikungu mpaka ikabaki vijiti. Majani yaliyokaidi kubadilika rangi yakapakwa rangi. Mbuzi walioyala wakafa, na wenye mbuzi wakapongezwa redioni kwa kuchangia hali ya majonzi. Kisha likaja agizo la maboga: kila kaya itoboe boga macho na meno, ilining'inize mlangoni, na nyama ya boga itupwe, kwani kuila ni kudharau vitisho. Watu wakatoboa. Nyama wakaila wamejifungia chumbani, wanatafuna polepole jirani asisikie.

"Ukipenda boga, penda na ua lake," alisema Profesa Lugongo siku ya uzinduzi. "Na ukiipenda serikali, penda na vitisho vyake." Watu wakapiga makofi. Wangefanyaje?

Hiyo ndiyo asili ya sikukuu kama ilivyo katika vitabu vya shule, na mtoto anayejibu vinginevyo kwenye mtihani hurudia darasa. Lakini wanawake wa mtaa wa Kisimani walikuwa na habari yao, na katika hao nakutajia mmoja tu, Bi Siwatu, muuza vitumbua, mjane, mama wa mtoto mmoja. Ukimuuliza sikukuu ile ilitoka wapi, atakwambia ilitoka kwenye kawa.

Maana desturi ya kule ni hii: mtu wa nyumba akichelewa kurudi, chakula chake kinapakuliwa, kinafunikwa kwa kawa, kinamngoja. Hata arudi usiku wa manane, hata awe mlevi, atakuta fungu lake. Kuondoa sahani ya mtu ni kumwambia usirudi. Sasa ulipopita ule mwaka serikali iliouita Mwaka wa Usafi, mji ulifagiliwa, na waliofagiliwa zaidi walikuwa vijana. Walichukuliwa mchana kweupe na magari yasiyo na namba. Ilipofika mwisho wa kipupwe bila hata mmoja kurudi, mama mmoja akatoa sahani yake nje, akaiweka kizingitini na kawa juu. Kesho yake mwingine. Wiki ikaisha mitaa mizima ina makawa milangoni, hakuna bango, hakuna kelele, hakuna aliyesema neno. Serikali haijawahi kuogopa kitu kama ilivyoyaogopa makawa yale. Polisi wakayakusanya, wakayachoma. Wanawake wakafunikia kwa sinia. Masinia yakachukuliwa, wakafunikia kwa khanga.

Hapo ndipo Profesa Lugongo alipoonyesha kwa nini anaitwa profesa. Aliwaambia wenzake msiwakataze hawa, wasaidieni. Wanangoja watu? Wapelekeeni watu. Basi sikukuu ya majani na sahani za akina mama zikafungwa kitanzi kimoja, ikawa sheria: siku ya Kupukutika, kila nyumba yenye sahani inayongoja itatembelewa na mzimu wa serikali.

Mizimu wenyewe walikuwa makarani wa wizara. Walivishwa mashuka meupe yenye mhuri, mashuka ya hospitali kuu, na wiki hiyo wagonjwa walilalia godoro tupu kwa uzalendo. Walitembea mchana, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kwa sababu mzimu ni mtumishi wa umma na hawezi kutisha nje ya saa za kazi bila kibali. Mzimu aliruhusiwa kusema maneno mawili tu. Akifika mlangoni atasema "Nimekuja." Mwenye nyumba atajibu "Karibu, marehemu." Atapewa sahani iliyokuwa ikingoja, atakula, na mwisho mzimu mwenyewe, wala si mtu mwingine, atasema "Nimeshiba." Likishatoka neno hilo, ziara imekwisha. Huyo aliyekuwa akingojwa ni maiti halali, na nyumba ile haitatembelewa tena. Makubwa!

Wengi walisema "Karibu, marehemu." Usiwalaumu. Aliyekataa kupokea hakupata sukari ya mgawo, wala shule ya watoto, wala majirani wa kumsalimu kwa sauti. Aliyepokea alipata vyote hivyo pamoja na utulivu, ambao ni kule kuacha kungoja. Bi Siwatu alikataa. Mwanawe Mbaruku alichukuliwa siku waziri mmoja alipokuja kuzindua bomba la maji. Utepe ulikatwa, bomba likafunguliwa, halikutoa hata tone, umati ukashangilia. Mbaruku, kijana mrefu mwembamba, fundi wa baiskeli, aliuliza kwa adabu kabisa maji yako wapi. Hakuwa anafanya mzaha wala siasa. Alikuwa na ndoo.

Na sheria ilikuwa na tundu moja, Bi Siwatu akalishika kwa meno. Mtu asiyepokewa kama mzimu hahesabiwi amekufa, anahesabiwa amechelewa. Na mama wa aliyechelewa ana haki ya kwenda kituoni kila Jumatatu kuuliza, na sajenti ana wajibu wa kumjibu. Jibu lilikuwa moja miaka yote: "Bado." Bi Siwatu alikuwa akiishi kwa neno hilo. Alitoka kituoni akilirudia njiani kama mtu anayetafuna karafuu, bado, bado, na alipofika nyumbani aliwasha jiko.

Kila siku ya Kupukutika alipika mseto wa chooko, chakula alichokipenda Mbaruku toka utotoni. Mzimu alipobisha na kusema "Nimekuja," Bi Siwatu alimjibu kwamba mwanawe amechelewa tu, apite mwakani, kisha akakaa mlangoni palepale na kuula ule mseto wote mbele ya karani wa watu huku mate yanamtoka chini ya shuka. Alikuwa mkorofi, nakubali. Lakini mtu aliyebakiwa na neno moja tu asipokuwa mkorofi atabaki na nini?

Basi mwaka mmoja Profesa Lugongo akaitisha mkutano wa kupokea maoni ya wananchi kuhusu ubora wa mizimu. Watu wa Kisimani walikuwa hawajaulizwa maoni tangu wazaliwe, wakajisahau, wakasema. Mzee Chande, seremala, jirani wa Bi Siwatu ukuta kwa ukuta, alisimama akalalamika kwamba mzimu wa marehemu mkewe alikuja na masharubu. Mwingine akasema mzimu wa kaka yake alipigiwa simu katikati ya kula, akazungumza habari za kiwanja hadi chakula kikapoa. Wakasema mizimu wamenenepa. Wakasema mizimu wanakuja wameshakula kwingine. Profesa alitikisa kichwa kwa uchungu, akaahidi kwamba serikali sikivu haitavumilia mizimu wazembe.

Ndipo Bi Siwatu naye akainuka. Wenyewe mnajua, mwenye hila akiona mlango hupita. Alijua wizara inamtafutia sababu, akataka kuwafungia kazi wasiyoiweza. Akasema yeye hana ugomvi na sheria, ila hawezi kumwita marehemu karani mwenye kitambi. Mwanawe alikuwa mrefu, mwembamba, anatumia mkono wa kushoto, ana kovu la mnyororo wa baiskeli kwenye kidole gumba. Wamletee mzimu wa namna hiyo, naye atapokea bila neno. Watu wakacheka. Hata Mzee Chande alimfinya kumsifu. Profesa Lugongo hakucheka. Aliinama akamnong'oneza msaidizi wake, na Bi Siwatu akaenda nyumbani akijua amewaweza.

Siku ya Kupukutika ikafika. Miti ilikuwa imeshachapwa, majani yaliyopakwa rangi yamelala barabarani, maboga yananing'inia na meno yao. Toka asubuhi mtaa ukaanza kusifu. Mizimu wa mwaka huu ni wa kiwango, walisema. Wamekonda. Wanatembea kwa kuyumba hasa. Mama mmoja wa kona ya juu, aliyempokea wa kwake, alisikika akilia kwa sauti ambayo haijasikika mtaani tangu sikukuu ianzishwe, na watu wakaambiana kwamba huo sasa ndio ufundi, serikali ikiamua inaweza.

Saa saba mchana wakabisha kwa Bi Siwatu. Walikuwa wawili: mmoja ni Bwana Mzuzuri, Afisa Mizimu wa kata, kijana mpole mwenye tai fupi na kalamu mbili mfukoni, na wa pili ni mzimu. Bi Siwatu alifungua mlango na maneno yake tayari mdomoni. Shuka lilikuwa refu lakini halikufika chini. Miguu ilitokeza, myembamba kama fito za kuchapia majani. Mzimu alishika mwimo wa mlango asianguke. Aliushika kwa mkono wa kushoto.

"Nimekuja, mama," alisema mzimu.

Neno "mama" halikuwamo katika kanuni. Bwana Mzuzuri alikohoa, akaliachia lipite.

Bi Siwatu hakutazama kovu. La kazi gani? Mama hahitaji kovu. Alijishikiza kwa mlango, na furaha iliyompanda ilikuwa kubwa hata ikamuuma kifuani. Yu hai. Miaka yote hii wamesema bado, na kweli ilikuwa bado. Alinyoosha mikono amvue lile shuka, na Bwana Mzuzuri akamzuia kwa adabu kubwa, akamwita mama yangu, akamwomba asikilize kwanza, maana na yeye ana mama.

Alimweleza yote pale kizingitini. Makarani wamerudishwa ofisini. Wizara imewaomba wenzao wa Magereza wawape watu wanaofanana na marehemu, na ikaonekana hakuna anayefanana na marehemu kuliko marehemu mwenyewe. Ni maoni ya wananchi yaliyofanyiwa kazi. Sasa mama ana njia tatu. Akisema huyu ni mwanawe naye ni mzima, basi kijana atakuwa amepatikana na kosa la mtu hai kujifanya maiti, na adhabu yake ni kunyongwa, ili maelezo yaendane. Akikataa kumpokea kama alivyozoea, kijana atarudi alikotoka bila kula, na mwakani ataletwa tena, kama atakuwepo. Akimpokea, kijana atakula, na siku hiyo ndiyo ya mwisho, maana wizara haipeleki mzimu mara mbili kwenye nyumba iliyofungwa.

Bi Siwatu akauliza huko waliko wanakula nini. Bwana Mzuzuri akatazama viatu vyake. Alisema mizimu hawana fungu la chakula kwenye bajeti, na kwamba kwa mwezi wa mwisho wamepunguziwa hata kile kidogo, ili walete sura ya mizimu.

Harufu ya mseto ilikuwa inatoka jikoni. Bi Siwatu aliona shuka likivuta na kuachia pale penye mdomo. Alisimama akipima. Akimrudisha, atamwona mwakani, na mwaka wa pili, na Jumatatu zote katikati atasema bado na itakuwa kweli. Lakini alimtazama miguu, akajua kwa miguu ile hakuna mwakani. Kwa mara ya kwanza alimchukia kila mtu, hata Mzee Chande aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta, hata ulimi wake mwenyewe uliosimama mkutanoni kutaja urefu na wembamba. Nani alimtuma?

"Karibu," akasema. Akasogea pembeni kumpisha. "Karibu, marehemu."

Bwana Mzuzuri akaandika.

Mbaruku aliketi mkekani ndani ya shuka lake. Bi Siwatu akapakua mseto, akamwagia tui juu, akamsogezea. Alikula matonge mawili ya kwanza kwa haraka ya mnyama, shuka limekunjwa hadi puani, na mama akaona kidevu chenye ndevu ambazo hakuwahi kuzijua. Kisha Mbaruku akakumbuka. Akapunguza mwendo. Akaanza kuokota punje moja moja, chooko moja, punje moja, anatafuna muda mrefu, huku amemkazia mama yake macho. Alipewa maneno mawili tu, na la pili hakutaka kulisema.

Bi Siwatu akaelewa. Sahani ilipokaribia kuisha, akajaza. Ilipoisha sufuria, alileta vitumbua vya biashara. Bwana Mzuzuri akatazama saa, akaukunja uso. Kanuni zinasema mzimu mwenyewe ndiye wa kusema ameshiba, na hakuna kipengele cha kumharakisha. Mzee Chande alikuwa ameona kila kitu kutoka ukutani. Mara likapitishwa bakuli la boga la kupikwa, lile boga haramu, mbele ya afisa wa serikali bila kuficha. Likafuata sinia la ndizi kutoka nyumba ya pili. Ukaja uji, ukaja mkate wa kumimina, khanga kwa khanga, mkono kwa mkono, na hakuna aliyesema neno, kama zamani zile za makawa. Kwa saa nzima Bi Siwatu alidhani mtaa mzima ukipika, nchi nzima ikipika, mwanawe atakaa palepale mkekani anakula mpaka serikali izeeke.

Lakini tumbo lililofungwa muda mrefu halifunguki kwa siku moja. Mbaruku alianza kutoka jasho. Akageukia pembeni akatapika, akajifuta kwa shuka la serikali, akarudi kwenye sahani, akaokota punje nyingine. Akatapika tena, na safari hii kulikuwa na damu, akarudi tena. Angekula hivyo hadi afe, Bi Siwatu aliona wazi, kwa sababu kila punje ilikuwa dakika ya kukaa naye. Na mikono iliyokuwa inamjazia sahani ilikuwa ni ya mama yake.

Saa tisa ilikuwa imepita. Nje, majirani walikuwa bado wamenyoosha vyombo vyao juu ya ukuta. Bi Siwatu akawatikisia kichwa, vikarudi chini kimoja kimoja. Alisogea mkekani, akaweka kiganja chake juu ya sahani, juu ya vidole vya mwanawe, akavibana.

"Basi, baba," alimwambia. "Basi. Umeshiba."

Mbaruku alitikisa kichwa kukataa, kama alipokuwa mdogo. Bi Siwatu hakuondoa mkono. Alimtazama mpaka macho ya kijana yakaacha kubisha.

"Nimeshiba, mama."

Bwana Mzuzuri akafunika kalamu yake, akamshukuru Bi Siwatu kwa niaba ya taifa, kisha akamwomba mzimu atangulie.